Nusu Inchi ya Mwanga

Asubuhi ile mlango wa bafuni uligoma tena. Bi Futi aliusukuma kwa kiganja, akausukuma kwa bega, mwishowe akarudi nyuma hatua mbili na kuupiga teke chini ya kitasa, pale pale ambapo rangi ilikuwa imebanduka kwa mateke ya miaka kumi na minne. Mlango ukafunguka kwa kishindo na kugonga ukuta.

"Taratibu na mlango wangu," ilisema sauti ya baba yake kutoka sebuleni.

"Mlango wako haufunguki, baba."

"Mlango hauna kosa. Nyumba ndiyo imepinda."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake tangu siku aliyoutundika. Nyumba imepinda, ukuta umepinda, mwashi aliyejenga alipinda yeye na ukoo wake. Kilichonyooka duniani ni kazi ya mikono yake tu. Na ubaya wa mzee huyu ni kwamba mara nyingi alikuwa anasema kweli, kwa hiyo hata ulipojua kwamba safari hii amekosea, ulikuwa huna pa kuanzia.

Mjini walimwita Fundi Sindano. Alikuwa fundi wa magati, yale madaraja mafupi ya mbao ambayo watu wenye nyumba kando ya mkono wa bahari hujijengea ili wafungie mashua zao. Zamani, kabla binti yake hajazaliwa, tajiri mmoja alikataa kuamini sifa za kazi yake, akaleta sindano ya kushonea na kujaribu kuipitisha kati ya mbao mbili. Haikupita. Akatuma nyumbani iletwe nyembamba zaidi. Nayo haikupita. Tangu siku hiyo jina la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho, na mzee akatembea nalo hilo jingine kifua mbele.

Binti naye alikuwa na lake. Ni mkaguzi wa magati katika halmashauri, na futi yake ya chuma haikutoka kiunoni hata alipokwenda harusini. Alikuwa amerudi kuishi na wazazi ili awatunze, au kama mama yake alivyopenda kuwaambia wageni, ili wazazi wamtunze yeye.

Tatizo lilikuwa sheria ndogo iliyopitishwa miaka mitatu nyuma. Chini ya maji ya mkono ule wa bahari huota nyasi, ndefu na za kijani, na ndani yake hujificha watoto wa samaki mpaka wapate akili ya kwenda mbali. Nyasi hizo pia ndizo huushika mchanga usiondoke na mawimbi. Lakini nyasi ni nyasi, zinataka jua. Ukizijengea gati juu zinakaa kivulini, zikikaa kivulini zinakufa. Basi baraza likaamua: gati la mtu binafsi lisizidi futi nne kwa upana, na kati ya ubao na ubao uachwe mwanya wa nusu inchi ili mwanga ushuke. Nusu inchi kamili, si pungufu wala si zaidi. Si zaidi kwa sababu diwani mmoja alisimama kikaoni akauliza visigino vya viatu vya mke wake vitakuwa wageni wa nani.

Siku Fundi Sindano aliposomewa sheria hiyo alicheka mpaka akakohoa. "Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema. "Ninyi halmashauri mnaniagiza nyufa! Miaka thelathini na minane ninaziba, leo nipasue?" Lakini alitii. Alichonga kipande cha mbao ngumu chenye unene wa nusu inchi, akakitoboa, akakifunga kamba, akakivaa shingoni. Kila alipopigilia ubao alikichomeka kabla ya kupigilia mwingine. Amejenga magati tisa kwa namna hiyo, na yote tisa aliyakagua binti yake, kwa sababu mkaguzi mwenzake alihamishiwa masokoni na hakuna aliyeletwa badala yake. Bi Futi aliandika barua mara mbili kuomba asipewe kazi za baba yake. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilirudi ikiwa imegongwa mhuri wa "Imepokelewa".

Asubuhi hiyo ya mlango, alipofika ofisini, mkuu wa idara alikuwa anamsubiri. Mkuu huyu alikuwa na mhuri uliofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, kwa kuwa uliwahi kupotea wiki nzima ukakutwa jikoni, na tangu hapo kila barua ilibidi iufuate mhuri, si mhuri kuifuata barua. Alisukuma mbele kurasa nne zilizoandikwa kwa mkono.

"Mwalimu mkuu mstaafu," alisema. "Soma."

Bi Futi alifumba macho kwanza. Mwalimu mkuu mstaafu aliomba gati la futi tisa, lenye paa na nafasi ya viti sita. Halmashauri ilimkatalia, naye akairudisha barua ya kukataliwa ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu, na chini alama nne juu ya kumi. Tangu siku hiyo alikuwa anazunguka na rula ya shule akipima magati ya majirani. Sasa aliandika kwamba magati matatu ya Fundi Sindano hayana mwanya wowote, rula haipiti, na kwamba "baba anajenga, binti anapitisha, na wote wawili wanakula sahani moja."

"Nilipima mwenyewe," alisema Bi Futi. "Nusu inchi. Kila ubao."

"Mimi sitaki maneno. Nenda ukapime tena."

Alikwenda akiwa na uhakika wake wote, akaanza na gati la daktari wa meno, ambalo lilikuwa la kwanza kujengwa baada ya sheria. Alipiga magoti, akachukua kijiti chake cha kupimia na kukichomeka. Hakikuingia. Akajaribu ubao wa pili, wa kumi, wa ishirini. Akatoa sarafu mfukoni: ikapita kwa kusukumwa. Kwingine haikupita kabisa. Mbao zilikuwa zimekutana ubavu kwa ubavu, safi, kimya, kazi ya Sindano ya zamani ile ile.

Magati mawili mengine yalikuwa hivyo hivyo, na wenye nyumba walimtazama kutoka dirishani akipiga magoti huku na huko kama mtu aliyepoteza hereni. Alichofikiri kilikuwa kimoja tu: mzee amerudi. Amengoja ukaguzi upite, akarudi, akazisogeza mbao zake zikae anavyotaka yeye, kwa sababu kiburi chake hakiwezi kulala na mwanya. Na saini iliyoko chini ni ya mwanawe. Hasira hasara, wanasema, na hasara yake siku hiyo ilikuwa kwamba hakutazama kama kuna matundu ya misumari ya zamani. Angetazama angekuta hakuna hata moja.

Karakana ya baba yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Juu kwenye boriti zililala mbao pana za inchi kumi, kila moja na tarehe kwa chaki, maana Sindano hakugusa ubao ambao haujakauka mwaka mzima. Wenzake walijengea mbao zilizotoka kiwandani jana, bado zinatoa maji ukizigonga. Yeye aliwaita wauza kuni.

"Umenifanya mjinga," Bi Futi alianza, bila hata shikamoo. "Umenifanya mjinga mbele ya mkuu wangu, baba."

Mzee alizima redio. "Nani?"

"Magati matatu hayana mwanya. Nilipopima mimi ulikuwepo. Sasa haupo. Ulirudi lini?"

Mzee akavua ile kamba shingoni na kumwekea kile kipimo kiganjani. "Nilipima na hiki. Sikurudi."

"Kwa hiyo mbao zilitembea zenyewe?"

"Ziulize mbao," alisema, akageuka, akachukua randa na kuendelea na kazi.

Siku tatu mzee hakuzungumza naye. Alikaa naye meza moja na kupitisha ujumbe kwa mama. "Mwambie mkaguzi chumvi iko karibu naye." Mama alikuwa akiinua macho juu na kusema, "Mkaguzi, umesikia," kisha anajikatia mkate. Siku ya pili alisema wazi kwamba amechoka kuwa mtu wa posta ndani ya nyumba yake. Hakuna aliyemjali.

Siku ya tatu asubuhi Bi Futi alioga, baba yake akafuata, kisha mama akaingia. Baada ya muda zikasikika ngumi.

"Nifungulieni!"

Bi Futi alikwenda na kurudi nyuma hatua zake mbili, mguu tayari hewani.

"Nimesema miaka kumi na minne!" mama alipiga kelele kutoka ndani. "Huu mlango unakunywa maji! Wakioga wawili mfululizo unavimba, wa tatu anafungwa jela! Nimesema, hakuna anayenisikia humu!"

Mguu ulibaki hewani. Bi Futi aliusimamisha hapo, akaushusha polepole, akageuka na kwenda karakana.

"We mtoto! Unaniacha wapi?"

Alichukua kipande cha ubao kilichobaki kwenye kazi, kikavu, cha inchi kumi kamili. Alikizamisha kwenye beseni la kufulia, akaweka jiwe juu, ndipo akarudi kumtoa mama yake, ambaye alikuwa na mengi ya kusema. Siku nne alikitoa na kukipima kila asubuhi. Siku ya nne futi ilisoma inchi kumi na karibu nusu nyingine.

Alikaa chini pale uani, beseni miguuni, akacheka na kutaka kulia kwa pamoja. Mzee hakurudi. Mzee aliweka nusu inchi yake kwa uaminifu, na mawimbi yakazinywesha mbao mpaka zikakutana. Wauza kuni walijengea mbao mbichi, zikakauka juani na kunywea, mianya yao ikapanuka. Ndiyo maana chini ya magati yao mabovu nyasi zilikuwa zimesimama kama kawaida. Fundi bora kuliko wote mjini ndiye aliyeua nyasi, na aliziua kwa ubora wake. Naye Bi Futi, mwenye futi kiunoni, mkaguzi wa miaka kumi na mmoja, hakujua kitu ambacho mama yake alikisema kila asubuhi kupitia mlango.

Kwanza alimwendea baba yake. "Hukurudi," alisema. "Nisamehe, baba."

"Nilikwambia uulize mbao," alijibu mzee. Lakini usiku huo chumvi aliiomba mwenyewe.

Mkuu wa idara aliletewa ubao ukiwa bado unatiririka.

"Unanilowanishia zulia."

"Ndiyo ushahidi wenyewe, mkuu. Hakuna udanganyifu. Mbao kavu huvimba. Tunapima siku gati linapomalizika, ilhali tungepaswa kupima baada ya miezi mitatu. Sheria yenyewe ndiyo inahitaji kurekebishwa."

"Andika pendekezo."

"Niliandika mwaka juzi kuhusu muda wa ukaguzi."

"Andika jingine." Mkuu alifungua droo, ambayo nayo ilikuwa na mgogoro wake, na kutoa fomu. "Udanganyifu haupo, nimekubali, na mwalimu nitamwandikia. Ila magati hayana mwanya, hilo nalo lipo. Fundi akiri kosa kwa maandishi na saini ndani ya siku kumi na nne, kisha arekebishe. Asipokiri jina lake linatoka kwenye orodha ya mafundi. Sheria haina kifungu cha kuvimba."

"Lakini alifuata kipimo chenu!"

"Mimi sitaki maneno," alisema mkuu, kwa upole kabisa, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Orodha ile haikuwa karatasi tu. Aliyetoka kwenye orodha hakuruhusiwa kupigilia hata msumari mmoja juu ya maji yale. Kwa mzee wa miaka sitini na sita ambaye hakuwahi kufanya kingine, ilikuwa ni kumwambia akae.

Na mzee alipoletewa fomu aliisoma mpaka kwenye mstari ulioandikwa "Kosa la fundi", akaikunja mara mbili kwa ukucha ili mkunjo unyooke, akairudisha.

"Kosa gani? Mliniambia nusu inchi, nikaweka nusu inchi. Kama bahari ndiyo inazivimbisha, iandikieni bahari barua."

"Baba, ni saini tu."

"Saini ni jina. Jina langu halikai chini ya neno hilo."

"Watakufuta!"

"Wafute."

Bi Futi alimweleza kwa upole. Alimweleza kwa ukali. Alimchorea. Siku ya tano alimletea beseni na ule ubao, mzee akaugusa, akasema ni kweli umevimba, na kwamba bado si kosa lake. Siku ya saba alimwambia kuhusu nyasi, jinsi zinavyokufa, naye akauliza nyasi zinapiga kura? Siku ya tisa Bi Futi alitoka nje ya nyumba na kuutukana mti wa uani kwa dakika nzima, kwa sababu mti haukuwa mzazi wake na haungemlaani.

Jioni hiyo mama alimfuata. Hakuwa na utani.

"Akifutwa, atakaa kwenye kile kiti," alisema. "Atakaa hapo hapo mpaka kifo kimkute. Na mimi ndiye nitakayekuwa namtazama, si wewe wala huyo mkuu wako. Fanya unalojua."

Alichokijua kilikuwa uongo mmoja mdogo. Siku ya kumi na mbili aliingia karakana akasema, kana kwamba amekumbuka tu, "Daktari wa meno analalamika. Anasema kwenye gati lake kuna kichwa cha msumari kimeinuka. Kimemchania kiatu."

Mzee aliweka chini kikombe. "Msumari wangu?"

"Ndivyo anavyosema."

"Msumari wangu umeinuka?" Alikuwa ameshachukua nyundo, na njia nzima alitangulia mbele, binti nyuma akikimbilia huku akimsikia akiongea peke yake.

Maji yalikuwa yamepwa na yametulia, unaona mpaka chini. Mzee alitembea gati lote akipitisha kiganja juu ya vichwa vya misumari, safu hadi safu. Vyote vilikuwa vimelala. Alifika mwisho, akageuka, akamwona mwanawe amesimama na mikono nyuma.

"Hakuna msumari," alisema.

"Hakuna. Lala kifudifudi, baba, uchungulie chini."

"Umenidanganya."

"Ndiyo. Chungulia."

"Fundi hachungulii chini ya gati. Kazi yake iko juu."

"Nyani haoni kundule," alisema Bi Futi, na mara moja akajutia, kwa sababu hilo si neno la kumwambia baba yako. Lakini lilikuwa limeshatoka, na alikuwa amechoka, amechoka kweli kweli, na machozi ya hasira yalikuwa yanamjia mbele ya nyumba ya mtu. "Arobaini na mmoja! Miaka arobaini na mmoja unajenga na hujawahi kuchungulia hata mara moja! Nakuomba. Sikuombi kama mkaguzi."

Mzee akaweka nyundo chini, akapiga goti moja, la pili likalia kwa maumivu, akalala juu ya mbao zake, na kuning'iniza kichwa nje ya ukingo.

Bi Futi alilala pembeni yake. Kulia nyasi zilikuwa tele, zinayumba kidogo kidogo, na vitu vidogo vinaingia na kutoka ndani yake. Kushoto vile vile. Lakini katikati, chini ya gati, hapakuwa na kitu. Mchanga mtupu, mweupe, ulianzia ufukweni na kwenda mpaka mwisho. Kingo zake hazikuwa za ovyo ovyo. Zilikuwa zimenyooka kama zimekatwa kwa msumeno. Pale gati lilipoishia, nyasi nazo zilianza kwa mstari mmoja, na pembe zote mbili zilikuwa pembe mraba kamili.

"Hata huku chini umenyoosha," alisema Bi Futi taratibu.

Mzee alinyoosha mkono bila kugeuza kichwa. "Nipe futi."

Alimpa. Akaiteremsha majini, akapima ule upara kutoka ukingo hadi ukingo. Futi nne. Hakukosea hata kidogo.

"Pembe imekaa," alisema, kwa sauti ambayo Bi Futi hakuwahi kuisikia kwake. Kisha akauliza, "Hapa palikuwa na nini?"

"Kama pale pembeni."

"Na wale wadogo wanaokwenda?"

"Watoto wa samaki."

Alikaa hivyo mpaka kifua cha shati kikalowa kwa unyevu wa mbao. Kisha akainuka kwa kushikilia bega la mwanawe, akajifuta magoti, na kuanza kurudi nyumbani. Alikuwa ameshafika barabarani Bi Futi alipogundua kwamba ameiacha nyundo. Kwa miaka yote aliyomjua, hakuwahi kumwona akiacha hata msumari. Aliibeba mwenyewe.

Mtu angedhani baada ya hapo mambo yangekwenda. Wapi! Siku ya kumi na tatu mzee alikaa kwenye kiti chake toka asubuhi, fomu mezani mbele yake, hajaigusa. Bi Futi alipita mara sita akijitia anatafuta kitu. Mara ya saba mama alimvuta mkono na kumwingiza jikoni.

"Ukipita tena nakupiga na mwiko."

"Mama, ni kesho!"

"Najua kuhesabu."

Siku ya kumi na nne aliamshwa na sauti ya randa, ile sauti ndefu ya kuvuta, kisha kimya, kisha tena. Haikutoka karakana. Ilitoka ndani ya nyumba. Alipotoka chumbani alikuta koridoni mabaki ya mbao, marefu na yaliyojikunja, yenye rangi nyeupe upande mmoja. Mlango wa bafuni ulikuwa umerudishwa kwenye bawaba zake. Aliusukuma kwa kidole kimoja ukafunguka bila kelele. Alisimama hapo akiusukuma na kuuvuta, kuusukuma na kuuvuta, mtu mzima wa miaka arobaini.

Mzee hakuwepo. Sanduku lake la vifaa halikuwepo pia. "Amekwenda kwa daktari wa meno," mama alisema. "Anasema anaanza kung'oa mbao."

Fomu ilikuwa mezani. Ilikuwa na saini, ile saini yake kubwa, iliyopigwa kwa penseli bapa ya useremala. Na kwenye mstari wa "Kosa la fundi" alikuwa ameandika maneno mawili tu: "Nilisahau maji."

Bi Futi aliyasoma, akakaa kwenye kiti cha baba yake, akayasoma tena.

Mkuu wa idara alishika fomu kwa ncha za vidole. "Hii ni penseli," alisema.

"Ndiyo."

"Fomu hujazwa kwa kalamu. Penseli inafutika. Haiwezi kupokelewa, mwambie aje—"

"Basi ifute," alisema Bi Futi.

"Unasemaje?"

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amemjibu mtu huyu kwa barua. Alisogeza kifutio kilichokuwa kwenye kikopo cha kalamu na kukiweka juu ya fomu. "Si unasema inafutika? Futa, mkuu. Nimehangaika siku kumi na nne kuyapata maneno hayo mawili, na baba yangu imemchukua miaka arobaini na mmoja. Futa wewe mwenyewe. Mimi siwezi kumrudishia."

Mkuu alikishika kifutio. Akainama kusoma lile alilotakiwa kulifuta. Akalisoma kwa muda mrefu kuliko maneno mawili yanavyostahili. Halafu akakirudisha kikoponi, akavuta kamba kutoka mguu wa meza mpaka mhuri ukapanda, akaugonga.

"Andika na lile pendekezo lako," alisema bila kumtazama. "La miezi mitatu. Nitalipeleka mimi mwenyewe barazani."

Jioni Fundi Sindano alirudi na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikula, akaomba chumvi, akapewa. Mama alikuwa ameingia kuoga, na punde akaita.

"Baba nanii! Umeuchonga mno huu mlango! Umeacha mwanya, kidole kinapita! Mtu akipita koridoni si ananiona?"

Bi Futi aliinua macho. Kwa miaka kumi na minne alilijua jibu: nyumba imepinda. Mzee alitafuna kwanza, akameza.

"Mwambie angoje mvua," alisema.